Daftari la ishirini na tatu

Agosti 2022, kwenye gesti moja ya Mpanda, niliandika tarehe juu ya ukurasa, nikaandika neno "Leo", nikakwama. Nilikaa na ukurasa ule tangu magharibi mpaka umeme ukakatika, nikawasha tochi ya simu, nikakaa tena. Neno la pili halikuja. Asubuhi nililifunga lile daftari kwa kamba ya katani, nikalisukuma chini kabisa ya boksi la vifaa, nikapanda basi la Sumbawanga. Lilikuwa la ishirini na tatu. Tangu siku ile sijaandika habari za safari, na kuzunguka sijaacha hata mwezi mmoja.

Nayaeleza haya kwa ajili ya wenzangu wanaoishi barabarani na daftari mkobani: wachuuzi wa minadani, madereva wa malori, mabaharia wa ziwani. Najua wapo walioandika miaka na miaka, sasa wamechoka na wanaona aibu kuacha. Mimi niliacha, ila niliacha vibaya. Nilimdanganya mama yangu miezi saba, nikamtesa dada yangu, nikapoteza hela nilizokuwa nadai, nikalipa faini mpakani. Karibu yote hayo yangeepukika.

Kazi yangu ni kutengeneza cherehani. Sishoni, natengeneza mashine, wengine wanashona. Nilifundishwa na mjomba, kaka yake mama, ambaye karakana yake ilikuwa kibarazani kwetu Tanga, kwa hiyo mlio wa cherehani nimeusikia tangu nabebwa mgongoni. Mjomba alifariki mwaka 2011. Mafundi mjini walikuwa wengi kuliko mashine mbovu, nikachukua boksi lake, nikaenda Dar es Salaam na kupanda treni ya reli ya kati mpaka Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200. Kabla sijaondoka mama alinipa kaunta buku ya kwaya tatu. "Andika, baba," akaniambia. "Dada yako atanisomea." Mama anasoma herufi za Kiarabu bila kusita, lakini hizi nyingine hakupata shule ya kumfundisha.

Basi nikaandika. Niliandika kuku wa Saranda wanavyouzwa dirishani treni ikisimama, asali ya Tabora kwenye chupa za maji, chumvi ya Uvinza. Daftari likijaa nalifunga kwa gazeti, natuma kwa basi hadi Tanga. Dada alikuwa anasoma baada ya isha, na haukupita muda majirani wakaanza kuja na mikeka yao.

Kitu walichokipenda kuliko vyote ni Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Niliwaandikia kwamba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande ndani ya masanduku, Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 isiingie mikononi mwa adui, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena. Niliwaandikia pia nilichokiona mwenyewe: kwamba kwenye vituo vingi hakuna gati, meli inapiga honi usiku katikati ya giza, na mitumbwi inatoka pwani ikiwa na taa, watu wanagombania mlango wa ubavuni na magunia ya dagaa, kuku wamefungwa miguu, mtoto anapitishwa mkono kwa mkono juu ya maji. Mama aliishika habari ile ya chombo kilichozama kikarudi. Kila nikipiga simu, baada ya shikamoo na marahaba, swali la kwanza ni hilo: Liemba mzima?

Miaka minne ya mwanzo daftari lilinipa nguvu. Mwezi Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliungua, na wiki chache baadaye nilikuwa kule. Mafundi cherehani waliniletea vichwa vya mashine zao wakiwa wamevifunga kwa kanga, kama mtu anayembeba mgonjwa. Chuma cha mwili kilikuwa kimesalimika, cheusi tii, ukikigusa kinaacha masizi. Ndani ndiko kulikokufa. Springi ikishapigwa na moto mkali hairudi. Unaibonyeza inabaki ilipo, kama kidole kilichopooza. Kati ya mashine kumi na nane nilifufua nne, na kwa zile nne nilichanganya vyuma vya kumi na nne zilizobaki. Usiku niliandika kurasa tisa. Dada aliniambia kwamba mama alilia, na majirani wakachanga hela kidogo wakanitumia, nikawanunulia wale mafundi sindano na mikanda. Siwezi kusema daftari halikuwa na faida.

Lilianza kunigeukia Kigoma, Mei 2015. Warundi walikuwa wamekimbia kwa makumi ya maelfu, wakajazana Kagunga, kijiji cha mpakani ambacho wakati ule hakikufikika kwa gari, na kipindupindu kikaingia. Liemba ikapewa kazi ya kuwaleta Kigoma mjini, wakawa wanapumzishwa kwenye uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Nilikwenda bandarini. Nilisimama pembeni na daftari langu, nikawa naandika jinsi watu wanavyoshuka. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi alisimama mbele yangu akaninyooshea galoni tupu. Hakusema kitu. Nikamwambia, "Subiri kidogo, mama," kwa sababu nilikuwa katikati ya sentensi.

Alisubiri. Nilipomaliza sentensi ile niliinua macho, alikuwa ameshasogezwa mbele na umati. Galoni lake sikulijaza. Sentensi yenyewe ninayo mpaka leo, ni nzuri, na nikiisoma tumbo linanikata.

Baada ya siku ile ningepaswa kujiuliza. Sikujiuliza. Niliendelea miaka mingine saba, na hapo ndipo lilipo kosa langu kubwa, kwa sababu dalili zote zilikuwepo. Nilianza kuchagua njia kwa ajili ya daftari. Uvinza kuna mafundi sita waliokuwa wananisubiri kila baada ya miezi mitatu. Niliwaruka mara mbili mfululizo nikavuka ziwa kwenda Kalemie, kwa kuwa majirani wa Tanga walikuwa hawajasikia habari za Kongo. Niliporudi Uvinza wawili walikuwa wameshapata fundi mwingine. Jumapili yangu yote ilikuwa ya kuandika, na Jumapili ndiyo siku mafundi wengi hawashoni, siku ambayo mashine zinakaa bure na ndiyo nzuri ya kuzifungua. Ukipiga hesabu ya kazi mbili tu kila Jumapili kwa miaka ile, ni hela ya kiwanja.

Kibaya zaidi ni siri za watu. Mimi nakaa na watu nyumbani kwao, nafungua mashine yao sebuleni, wananieleza mambo. Niliyaandika yote na majina yao. Mji mmoja, ambao sitautaja, nilisahau daftari juu ya meza nilipokwenda kuswali. Mke wa fundi akalifungua, akasoma mkopo ambao mumewe alikuwa amenihadithia peke yangu. Niliporudi nilikuta boksi langu limewekwa nje, limefungwa vizuri, bisibisi zote zimo. Hawakunitukana. Mpaka leo mlango ule nikiupita naupitia upande wa pili wa barabara. Ukiandika habari za watu, waondolee majina tangu mwanzo, na weka alama unayoijua mwenyewe. Usiseme utayafuta baadaye. Na ukikaribia mpaka, usiwe na mchoro wa daraja wala maelezo ya kambi ya askari hata kama umeyaandika kwa mapenzi tu. Nililala usiku mmoja kwenye sakafu ya saruji nikielezea mchoro wa kivuko.

Basi nikafika Mpanda, na neno "Leo" likagoma.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma. Ningempigia mama kesho yake nikamwambia, mama, nimechoka kuandika, yangekwisha. Nilishindwa. Niliwaza wale majirani na mikeka yao. Niliwaza kwamba daftari ndilo lililokuwa likinipa ruhusa ya kutokuwepo nyumbani: mtu akiuliza mwanao yuko wapi, mama alikuwa na kitu cha kuonyesha. Bila daftari mimi ni mtoto wa kiume wa miaka thelathini na kitu asiye na mke wala nyumba, anayelala gesti. Kwa hiyo dada aliponiuliza, nikamwambia daftari liko njiani, nimelituma kwa basi.

Akaenda stendi. Hakulikuta. Nikamwambia labda limekwama Dodoma. Akaenda tena. Mara ya tatu aligombana na kijana wa ofisi ya vifurushi mbele za watu, akamwita mwizi. Nilisikia kwa sauti ya dada mwenyewe kwenye simu, akihema, na bado sikusema ukweli. Nikasema, "Pole dada, nitafuatilia huku." Miezi saba ikapita hivyo.

Machi 2023 nilirudi Tanga kwa ajili ya Ramadhani. Usiku wa kwanza, baada ya futari, nililitoa daftari kwenye boksi nikaliweka mapajani mwa mama. Akalipapasa jalada, akapindua kurasa, akafika pale weupe unapoanza. Kurasa tupu hazihitaji msomaji. Nikamweleza yote, hata la galoni.

Alikaa kimya kidogo, akauliza Liemba iko wapi. Nikamwambia imefungwa bandarini Kigoma, imechoka, haisafiri miaka kadhaa sasa. "Haya," akasema. Kisha akaniuliza jina la yule kijana wa vifurushi. Sikulijua. "Kesho ukamtafute umtake radhi. Dada yako amemwita mtu mwizi kwa ulimi wako."

Nilikwenda. Kijana alikuwa ameshahama tawi. Nilimfuata mpaka Korogwe. Alinisikiliza akiwa anaandika risiti za watu, akanipa mkono, akaniuliza kama nina mzigo wa kutuma. Dada naye ilimchukua zaidi ya mwezi kunizungumzisha kama zamani. Kwa hiyo, ewe unayetaka kuacha, anza na watu wanaokusubiri. Waambie wewe mwenyewe, mapema, kabla hawajaanza kwenda stendi.

Siku zile za mfungo tulishughulikia madaftari ya zamani. Yalikuwa ishirini na mawili, yamepangwa uvunguni mwa kitanda, moja kwa moja sakafuni. Matatu ya chini yalikuwa yameliwa na mchwa. Juu jalada zima, ndani udongo. La Bujumbura lilikuwa mojawapo. Zilisalia kingo tu za kurasa, na katikati shimo. Yaliyobaki mtoto wa dada aliyapiga picha kwa simu. Tulijifunza kwa kukosea: mwanga wa simu unafanya wino ung'ae usisomeke, kwa hiyo tukahamia karibu na dirisha asubuhi kabla jua halijawa kali, kurasa mbili kwa picha moja, na kila daftari kwanza tunapiga picha ya kikaratasi chenye namba yake ili zisichanganyike. Ilituchukua siku tisa. Picha zipo kwenye kadi mbili, moja nyumbani na moja ninayo mimi. Madaftari yenyewe sasa yapo kwenye ndoo za plastiki zenye mfuniko, juu ya kabati, na majani makavu ya mwarobaini ndani.

Kurasa zenye siri za watu nilizichana nikazichoma jikoni kabla mtoto hajazipiga picha. Zipo nne tano ninazozijutia, kwa kuwa zilikuwa na mambo mengine mazuri upande wa pili, lakini uamuzi wenyewe naona ulikuwa sawa.

Halafu yapo ambayo hakuna aliyenionya. Nilipoacha kuandika niliacha kila kitu, hata hesabu. Sikuwa nimetambua kwamba ndani ya zile hadithi ndimo mlimokuwa na madeni yangu: nani kanipa nusu, nani ataleta mwezi ujao, mashine gani nimeiwekea bobini ya mkopo. Mwaka wa kwanza nilipoteza zaidi ya laki moja na nusu kwa kusahau tu. Na daftari ndilo lililokuwa likinihesabia siku. Nilipanda treni ya TAZARA kwenda Kasama, Zambia, kazi zikawa nyingi, mafundi wakanipa chumba, na kwa kuwa sikuwa naandika tarehe kila usiku, siku nilizogongewa muhuri zikaisha bila mimi kujua. Nilizidisha nne. Kosa lilikuwa langu, nikalipa, na faida ya safari nzima ikaishia pale dirishani.

Sasa ninacho kijitabu kidogo cha mfuko wa shati. Kimeandikwa mji, mashine, bei, deni, na siku ya kuingia na ya mwisho ya kutoka nikivuka mpaka. Kwenye jalada la ndani nimeandika namba ya pasipoti na ya kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Hakina hata sentensi moja kamili, na nakichunga kisiote sentensi. Ukiacha daftari la safari, hiki usikiache.

Moyoni ilikuwa kama kung'olewa jino: ulimi unarudi penye pengo kila saa. Nilikuwa nikiona kitu, mzee anayeuza saa zisizotembea sokoni Kasulu, na mkono unakwenda mfukoni wenyewe. Nilihisi kwamba kisipoandikwa kimepotea, na mimi nimepotea nacho. Ilidumu karibu mwaka. Kilichonisaidia ni kumsogelea mtu. Yule mzee wa saa nilikwenda nikakaa naye, nikamuuliza, nikanywa naye kahawa. Zamani ningesimama ng'ambo ya njia nimtazame vizuri ili nimwandike. Sasa namjua, na nikipita Kasulu ananiwekea kiti.

Yapo niliyoyapoteza kweli, siwezi kuficha. Mwaka 2024 nilipanda treni mpya ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, njia ile ile niliyoipita mwaka 2011 kwa mwendo wa kutambaa, na nilitamani niwaandikie wa Tanga jinsi milima ya Uluguru inavyopita. Sikuandika. Sasa hivi nikijaribu kuikumbuka safari ile nakumbuka mtoto aliyelala begani kwangu kuanzia Morogoro, na jinsi mkono wangu ulivyokufa ganzi nisitake kumwamsha. Milima imeshafifia.

Kwa mama napiga simu kila Ijumaa baada ya alasiri. Dada anaweka sauti kubwa. Tofauti na daftari, simu inakatizwa: mama anauliza, jirani anadakia, nikiongeza chumvi wananikamata hapo hapo. Wapo waliolalamika kwamba hadithi si tamu kama zamani, na mmoja ameacha kabisa kuja. Nimemkubalia.

Ijumaa iliyopita nilikuwa Uvinza, kwa mmoja wa wale mafundi wanne walionibakia. Mashine yake ya miguu ilikuwa inakata uzi. Nilikuwa nimeshaifungua, nimeisafisha, nimeirudisha, naijaribu kwenye kipande cha kitambaa, mama akiwa hewani. Akaniambia, "Hebu nisikilizishe." Nikaiweka simu juu ya meza, karibu na sindano, fundi akakanyaga. Mashine ikakimbia vizuri masikioni mwangu, mshono umenyooka. Mama alisikiliza muda mrefu. Miaka yote ile mjomba akifanya kazi barazani, yeye alikuwa ndani anapika.

"Bado inagonga," akasema.

Fundi akanitazama. Nikamwambia aache kukanyaga, nikachukua bisibisi, nikafungua tena bati la chini ya sindano.